Karatasi ndiyo huamua umri wa picha

TEMBO aliyepigwa picha alfajiri katika uwanda wa Mkata, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, anaweza kukaa ukutani kwa miongo kadhaa bila kubadilika, au akafifia kabla ya mwaka kwisha. Kamera ni ile ile, mpiga picha ni yule yule, na hata printa inaweza kuwa ile ile. Kinachotofautisha ni karatasi, pamoja na wino uliopulizwa juu yake.

Hilo ndilo jambo ambalo wapiga picha wengi hulikumbuka mwisho. Mtu hutumia mamilioni ya shilingi kununua lenzi, huamka usiku kuwahi lango la hifadhi, huvumilia vumbi na mbung'o, halafu akifika dukani huomba "karatasi ya picha" bila kuuliza zaidi, kama anayeomba kilo ya sukari. Anauziwa iliyopo. Kwa kawaida iliyopo ni ile inayong'aa kama kioo, nyepesi, yenye plastiki pande zote mbili, nayo hufaa kabisa kwa picha za pasipoti na kadi za mialiko ya harusi. Kwa picha inayokusudiwa kuuzwa kama kazi ya sanaa, au kurithiwa na wajukuu, ni mwanzo mbaya.

Mikumi ina picha nyingi kuliko hifadhi kadhaa zilizo mbali zaidi. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na iko takriban kilomita 283 kutoka Dar es Salaam, kiasi kwamba mkazi wa jiji anaweza kwenda na kurudi mwishoni mwa juma. Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia imeikata katikati kwa umbali wa kilomita 50 hivi, na abiria wa basi huona pundamilia na nyani kupitia dirishani bila kulipa kiingilio.

Kilosa, upande wa kaskazini, ina picha za namna nyingine: reli ya kati, mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, majengo ya kale, familia zilizopiga picha studio zikiwa zimevaa nguo za sikukuu. Nyingi za picha hizo zimebaki nakala moja moja tu. Mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu ya wakazi wa Kilosa bila makazi na kuharibu reli kati ya mji huo na Gulwe. Maji ya namna hiyo hayachagui. Godoro, cheti cha kuzaliwa na albamu huondoka pamoja. Anayechapa upya picha ya babu yake leo hatafuti pambo la sebuleni tu.

Pamba, mbao na mkonge

Kila karatasi huanza na nyuzi, na nyuzi ndizo huamua itazeeka vipi. Msomaji anaweza kujionea mwenyewe kwa kuacha gazeti juani siku chache: hugeuka manjano, kisha kahawia, na mwishowe huvunjika kama jani kavu. Sababu ni kwamba karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na lignini yake, yaani ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti. Lignini ikipata mwanga na hewa hubadilika rangi na kuzalisha tindikali, nayo tindikali huendelea kuzikata nyuzi hata gizani.

Malori yanayoshusha karatasi kutoka kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kuelekea Dar es Salaam hupita katikati ya Mikumi. Mzigo huo zaidi ni karatasi ngumu ya kahawia kwa ajili ya mifuko na maboksi, nayo kwa kazi hiyo ni imara mno. Hakuna anayeitarajia ibebe picha.

Karatasi ya sanaa hutokana na moja ya njia mbili. Ya kwanza ni mbao zilizosafishwa kwa kemikali hadi kubaki selulosi karibu tupu. Karatasi hizi huwa nafuu na nyingine ni nzuri sana. Ya pili ni pamba, ambayo kwa asili haina lignini. Pamba inayotumika mara nyingi si ile ndefu ya kusokotea nyuzi za nguo, bali ule unyoya mfupi unaobaki kwenye mbegu baada ya kuchambuliwa. Wilaya ya Kilosa si ngeni kwa zao hilo, kwani kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga kilishughulikia pamba ya mikoa ya mashariki kwa miongo mingi. Hata hivyo, karatasi ya pamba inayouzwa duniani kwa ajili ya picha hutoka kwa viwanda vya kale vya Ulaya, kama vile Hahnemühle ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1584, na Canson ya Ufaransa, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1557.

Hahnemühle pia ina karatasi ya picha iitwayo Agave, yenye uzito wa gramu 290 kwa mita ya mraba, iliyotengenezwa kwa asilimia 70 ya nyuzi za agave na asilimia 30 ya pamba. Agave ndiyo jamii ya mkonge, mmea ulioletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na baadaye kuenea hadi Kilosa. Kwa zaidi ya karne moja mkonge umejulikana nchini kwa kamba, magunia na mazulia. Kwamba nyuzi za mmea wa jamii hiyo leo hubeba picha za sanaa ni jambo ambalo mtu wa Kimamba angestahili kulijua.

Mnunuzi asiridhike na neno "sanaa" lililoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa neno hilo halina mlinzi. Atafute mambo matatu: karatasi isiwe na tindikali, isiwe na lignini, na iwe na akiba ya chokaa ya kuzimua tindikali itakayoingia kutoka hewani. Kiwango cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706 cha mwaka 1994, hutaka akiba hiyo ilingane na angalau asilimia 2 ya kalisi kaboneti.

Weupe nao una hila. Karatasi nyingi hutiwa kemikali zinazopokea miale isiyoonekana ya jua na kuirudisha kama mwanga wa buluu, hivyo karatasi huonekana nyeupe kuliko theluji. Kemikali hizo huchoka. Zikichoka, weupe hurudi kwenye manjano na uwiano wote wa rangi za picha hubadilika. Kuzitambua hakuhitaji maabara: kurunzi ya miale ya zambarau inayotumiwa madukani kukagulia noti bandia inatosha. Karatasi ikiwaka buluu kali, imetiwa kemikali hizo. Ikibaki imepoa, haina au inazo kidogo. Kwa picha ya kalenda hilo si hoja. Kwa picha ya kuuzwa kwa bei kubwa ni hoja, na muuzaji mwaminifu atalisema kabla ya kuulizwa.

Wino na karatasi ni mke na mume

Uchapaji wa picha za sanaa kwa printa za wino ni wa miaka ya karibuni. Mwaka 1991 mwanamuziki Graham Nash alifungua karakana ya Nash Editions huko California, akatumia printa kubwa aina ya Iris ambayo ilibuniwa kwa ajili ya nakala za majaribio viwandani. Picha zilizotoka zilivutia, lakini wino wa awali ulififia haraka. Printa hiyo sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Mwaka 2000 yalitokea mengine. Printa za nyumbani zilizosifiwa kwa picha zake za kudumu zilianza kulalamikiwa: kwa baadhi ya wateja, picha ziligeuka rangi ya chungwa ndani ya wiki chache. Uchunguzi ulionyesha kuwa mwanga haukuwa mkosaji mkuu. Ilikuwa gesi ya ozoni na uchafu mwingine wa hewa, ulioingia katika vitundu vidogo vya tabaka la karatasi na kuunguza rangi moja kabla ya nyingine. Wino ule ule juu ya karatasi nyingine ulidumu zaidi. Tangu hapo hakuna mtaalamu anayetaja umri wa wino bila kutaja karatasi.

Wino wa printa ni wa aina mbili. Upo ambao rangi yake imeyeyuka kabisa majini kama sukari katika chai, na upo wa pigimenti, ambao rangi yake ni chembe ndogo zinazoelea kama tope jepesi. Wa kuyeyuka hupendeza siku ya kwanza, lakini ukiloa huchuruzika na ukipigwa jua hukimbia. Wa pigimenti hukaa juu ya karatasi ukiwa chembe ngumu, hivyo hustahimili mwanga, gesi na maji kwa muda mrefu zaidi. Kwa mji uliokwisha kuogelea kama Kilosa, chaguo halina mjadala. Printa za bei nafuu zenye matangi ya kujaza, ambazo zimeenea katika steshenari za mijini, nyingi hutumia wino wa kuyeyuka kwa rangi zake hata pale ambapo weusi wake ni wa pigimenti. Mteja ana haki ya kuuliza.

Linalowasumbua wanaoanza ni weusi wawili. Printa nyingi za pigimenti zina wino mweusi kwa karatasi zinazong'aa na mwingine kwa karatasi zisizong'aa. Ukitumia wa kung'aa juu ya karatasi ya pamba, nyati wa Mikumi atatoka kijivu kama aliyepakwa majivu. Ukitumia usiong'aa juu ya karatasi inayong'aa, utafutika kwa kidole. Jina la karatasi linalochaguliwa kwenye kompyuta ndilo huiambia printa itumie upi, kwa hiyo kuchagua "karatasi ya kawaida" kwa haraka ni kutupa karatasi na wino kwa pamoja.

Halikadhalika, kila karatasi inahitaji profaili yake ya rangi, yaani faili dogo linaloieleza kompyuta jinsi wino fulani unavyoonekana juu ya karatasi fulani. Viwanda vikubwa huyatoa bure kwenye tovuti zao, kwa kila aina ya printa. Bila faili hilo, nyasi kavu za Agosti katika Mkata huweza kutoka na ukijani ambao hazikuwa nao.

Ing'ae au ising'ae?

Hapa ndipo ladha huingia, na ladha haina hakimu. Lakini kuna mambo ya kupimika. Weusi mzito kabisa wa karatasi ya pamba isiyong'aa hufikia karibu 1.6 au 1.7 katika kipimo cha uzito wa rangi, wakati karatasi ya barita huvuka 2.2. Kwa lugha ya kawaida, mistari ya pundamilia kwenye barita hukata kama wembe, ilhali kwenye pamba hutulia kama mkaa juu ya ukuta wa chokaa.

Barita ni karatasi ya nyuzi iliyopakwa udongo mweupe wa bariamu salfeti. Ndiyo iliyotumika kwa picha za nyeusi na nyeupe zilizosafishwa gizani kwa dawa kabla ya karatasi za plastiki kuenea katika miaka ya 1970. Studio ya Capital Art ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni ya zama hizo. Kwa hiyo anayechapa upya picha ya harusi ya mwaka 1958 kutoka Kilosa na kutaka ifanane na ile ya asili, asitafute mbali. Barita yenye mng'ao hafifu itampa sura ile ile, na uzito ule ule mkononi.

Kwa mandhari mapana ya ukungu unaoshuka milima ya Rubeho, au tembo anayeoga vumbi, pamba isiyong'aa huwa bora. Haina mwako wa taa, na picha hutazamika kutoka upande wowote wa chumba. Karatasi yenye mikwaruzo mikubwa kama ya wachoraji wa rangi za maji itumike kwa tahadhari. Hupendeza katika picha kubwa ya mbuyu au mivumo, ila ukichapia uso wa mtoto katika ukubwa wa A4, mtoto huonekana kama aliyeugua ndui.

Uzito wa karatasi hutiliwa chumvi na wauzaji. Karatasi ya ofisini ina gramu 80 kwa mita ya mraba, za sanaa huwa kati ya 200 na 320. Nzito hushikika vizuri na haijikunji ovyo ndani ya fremu, lakini gramu peke yake hazifanyi picha idumu. Isitoshe, printa ndogo hukwama karatasi ikizidi unene, na kichwa cha wino huweza kuikwaruza. Zito ipitishwe moja moja kwenye mlango wa nyuma, si kwenye trei.

Masika, vumbi na fremu

Ushauri mwingi ulioandikwa kuhusu karatasi umeandikwa kwa ajili ya vyumba vya Ulaya. Kilosa ni joto, na kati ya Novemba na Mei mvua huja kwa vipindi virefu. Watengenezaji wa karatasi za pamba kwa kawaida hupendekeza unyevu wa hewa usiopungua asilimia 35 na usiozidi 65 hivi, na joto lisilovuka nyuzi 30. Wakati wa masika kiwango hicho ni ndoto katika nyumba isiyo na kiyoyozi. Pamba hunywa unyevu, hujikunja pembeni, na wino huchelewa kukauka.

Dawa ni ratiba. Kazi kubwa ichapwe kati ya Juni na Oktoba. Boksi lisifunguliwe hadi siku ya kuchapa, karatasi zilizobaki zirudishwe ndani ya mfuko wake wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu, na zilazwe, zisisimamishwe. Zisiwekwe sakafuni, ambako mchwa na mende huwahi kuliko mteja. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ikipita Kilosa, kuifuata karatasi jijini si safari ya kulala tena. Kwa hiyo hakuna sababu ya kulimbikiza maboksi ya miaka miwili.

Kiangazi nacho kina adui wake. Vumbi laini la Mikumi, pamoja na unyoya wa pamba yenyewe, hukaa juu ya karatasi, wino hudondokea juu yake, kisha chembe hudondoka na kuacha kidoa cheupe katikati ya anga. Karatasi ipanguswe kwa brashi laini kabla ya kuingia kwenye printa. Ishikwe pembeni, kwa kuwa jasho la kidole halitoki. Na kama upande wa kuchapia haujulikani, kidole chenye unyevu kidogo kikigusa kona kitanata upande wenye tabaka la wino.

Umeme ukikatika picha ikiwa nusu, karatasi hiyo imekwisha. Haiendelezwi. Kifaa cha kuhifadhi umeme, japo kidogo, hulipa gharama yake kwa karatasi chache tu za ukubwa wa A3.

Picha ikishatoka isikimbiziwe kwenye fremu. Iachwe angalau saa 24 ikiwa imefunikwa karatasi nyeupe ya kawaida, kwa sababu wino huendelea kutoa mvuke ambao baadaye hutanda kioo kwa ndani kama pumzi. Kisha kioo kisiiguse: iwekwe kadi nene isiyo na tindikali, iliyokatwa dirisha katikati, ili hewa ipite. Mafundi wengi wa fremu huweka plaiwudi au kadibodi ya boksi kwa nyuma. Hizo zina tindikali, na baada ya muda alama yake ya kahawia hujichora juu ya picha. Ukuta wa nje unaolowa mvua uepukwe, na vipande vidogo vya mpira vibandikwe nyuma ya fremu isishikamane na ukuta.

Kuhusu laminesheni, desturi iliyokita mizizi nchini, inafaa kusema wazi: kwa kitambulisho ni sawa, kwa karatasi ya pamba ni kuizika. Gundi na joto la plastiki huua sura ya karatasi, hufungia unyevu ndani, na hakuna njia ya kuiondoa baadaye.

Mwenye shaka na sifa zilizoandikwa kwenye boksi anaweza kufanya jaribio lisilo na gharama. Achape picha moja ndogo, aikate mara mbili, nusu aibandike dirishani panapopigwa jua na nusu aifungie ndani ya bahasha kabatini. Baada ya miezi mitatu azilinganishe. Viwanda huuza pia pakiti za vionjo zenye karatasi mbili mbili za kila aina katika ukubwa wa A4, na ni busara kununua hizo kwanza kabla ya boksi zima la karatasi 25.

Picha inayouzwa iandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli: mahali, tarehe ya kupigwa, tarehe ya kuchapwa, jina la karatasi na aina ya wino. Kalamu ya wino hupenya au husambaa unyevu ukizidi. Penseli haisambai, na ikihitajika hufutika.